Umeokota kigae, ushanga au sarafu ya kale? Kabla hujauliza "kinapimwa wapi", pitia uzi huu

#1 Mchekecha Udongo

Wakuu, habari za jioni.

Haipiti wiki humu jukwaani bila mtu kuweka picha ya kigae, ushanga au sarafu iliyoota kutu ya kijani, na swali huwa lile lile: "Wataalamu, hiki kina miaka mingapi, na mashine ya kukipima iko wapi?" Wengi hutania, wachache husema peleka kwa mkemia, na hakosekani mmoja wa "njoo inboksi, nina mteja". Huyo wa mwisho mkimbieni.

Mimi nimesomea akiolojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nimeshinda kwenye mashimo ya utafiti huku pwani vya kutosha, kazi kubwa ikiwa kuchekecha udongo na kuandika lebo. Maabarani mimi ni mgeni, ila najua sampuli inatoka wapi, inakwenda wapi, na jibu likirudi linasema nini. Nitaandika kidogo kidogo, mwenye swali aulize.

Kwanza tuelewane: hakuna mashine unayoitumbukizia kitu ikakutemea mwaka. Kila njia ina chakula chake. Kipimo cha kaboni hakili jiwe, hakili sarafu, hakili kioo. Kinakula kile kilichowahi kuwa hai: mkaa, mbegu, mfupa, jino, ganda la chaza, kamba, kitambaa. Mmea ukiwa hai unavuta hewa, na ndani ya hewa kuna kaboni 14 kidogo sana, yenye mionzi. Mnyama akila mmea naye anaipata. Wakishakufa hakuna mpya inayoingia, na iliyomo inapungua kwa mwendo unaojulikana: kila miaka 5,730 inabaki nusu. Willard Libby na wenzake kule Chicago walionyesha mwaka 1949 kwamba hesabu hiyo inakubali, na mwaka 1960 akapewa Nobeli ya kemia. Ukivuka miaka kama 50,000 kinachobaki ni kidogo mno, kipimo kinanyoosha mikono.

Sasa mitego. Mkaa unakupa wakati ule mti ulipokuwa unakua, haukwambii ulichomwa lini. Boriti ya mkoko inaweza kukaa darini vizazi vitatu, nyumba ikabomoka, boriti ikageuzwa kuni. Ndiyo maana mchimbaji mzoefu akiona punje moja ya mtama iliyoungua anafurahi kuliko akipata gogo zima la mkaa, kwa sababu mtama ni wa msimu mmoja. Na sisi wa pwani tuna mtego wetu wa ziada: kaboni ya baharini ni nzee kuliko ya hewani. Ganda la chaza hujiongezea uzee wa miaka kama 400. Mtu aliyekula samaki maisha yake yote, mifupa yake nayo inajizeesha, na mpimaji asiporekebisha, marehemu anasogezwa nyuma miaka mia na ushee bila kosa lake.

Halafu miaka ya kaboni siyo miaka ya kalenda. Lazima igeuzwe kwa jedwali lililojengwa kwa kuhesabu pete za miti, na jibu linakuja kama masafa, mathalani "kati ya 1290 na 1400". Mtu akikupa mwaka mmoja kamili kutoka kwenye mkaa, muulize vizuri.

Naendelea baadaye.

#2 Kiti cha Mbele

Nimeshavuta kigoda. Teremsha mkuu.

#3 Dogo wa Katoro

Mkuu hapo umenichanganya. Shuleni tuliambiwa Zinjanthropus, yule mtu wa kale wa Olduvai, ana miaka milioni moja na laki saba na kitu. Wewe unasema kaboni mwisho wake 50,000. Nani anatupiga kamba hapa?

#4 Mchekecha Udongo

Dogo, hakuna anayekupiga kamba. Zinj hakupimwa kwa kaboni. Kwa kweli Zinj mwenyewe hakupimwa kabisa.

Mary Leakey aliliona lile fuvu tarehe 17 Julai 1959. Wakati huo mumewe, Louis, alikuwa anakisia lina miaka laki sita hivi, makisio ya kuangalia tabaka na mifupa ya wanyama. Kilichopimwa baadaye ni majivu ya volkano yaliyolala kwenye tabaka hilo. Ndani ya miamba ya volkano kuna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa argoni, ambayo ni gesi. Jiwe likiwa uji wa moto, gesi inatoroka yote. Likiganda, gesi inaanza kunaswa upya. Kwa hiyo argoni unayoikuta leo inakuambia volkano ile ililipuka lini. Mwaka 1961 Leakey pamoja na Evernden na Curtis wa California walitangaza miaka milioni 1.75, na watu wengi walishika vichwa, maana historia ya binadamu ilikuwa imerefushwa mara tatu kwa mpigo.

Nyayo za Laetoli ni hadithi hiyo hiyo. Miaka milioni 3.66 ni ya majivu yaliyokanyagwa na ya tabaka jirani. Wayo hauna kitu cha kupima.

Sasa shikeni hapo, maana ndipo roho ya uzi huu ilipo. Lile fuvu lingeokotwa na mchungaji, likapelekwa Arusha kwenye mfuko wa rambo bila mtu kujua limetoka tabaka gani, leo lingekuwa fuvu la ajabu lisilo na umri. Kilicholipa umri ni mahali lilipolala.

#5 Bi Mkubwa wa Fuoni

Ahsante sana mwanangu kwa darsa. Mie nna suali. Shamba letu liko upande wa Unguja Ukuu, na tokea tuko watoto mvua ikinyesha twaokota shanga ndogo ndogo, za buluu, nyekundu na za manjano. Marehemu bibi alikuwa akizitunga. Wapo wasemao ni za Hindi, wengine za Misri, mmoja aliniambia ni za Mreno. Yajulikana kwa macho, au mpaka maabara?

#6 Mchekecha Udongo

Shikamoo Bi Mkubwa. Umegusa kitu ninachokipenda, nitasema kwa kirefu.

Kwa macho utajua ushanga ulivyotengenezwa. Chukua kioo cha kukuzia, uelekeze ushanga kwenye mwanga wa dirisha, utazame viputo vya hewa na michirizi ya rangi ndani yake. Kama vimenyooka sambamba na tundu, fundi alivuta kioo cha moto kikawa mrija mrefu, akaukata vipande. Kama vinazunguka tundu, alizungusha kioo kwenye kijiti cha chuma, mmoja mmoja. Zile ndogo za rangi moja, nyekundu ya tofali, manjano, buluu ya kijani, nyingi ni za kuvutwa, na uvutaji wa aina hiyo ni ufundi wa zamani sana wa India na jirani zake.

Ila kwa macho hutajua kioo chenyewe kilipikwa wapi, maana kioo kilisafirishwa kama malighafi na kuyeyushwa upya kwingine. Hapo ndipo kemia inaingia. Kioo ni mchanga, na mchanga peke yake hauyeyuki kirahisi, lazima uwekewe kitu cha kuushusha. Mafundi wa Iraki na Irani walitumia majivu ya mimea ya nyika zenye chumvi, na majivu hayo yanaacha magnesiamu nyingi ndani ya kioo. India na Sri Lanka walikuwa na aina ya kioo iliyopikwa kwa magadi yanayookotwa ardhini na mchanga uliotokana na miamba kama itale, kwa hiyo aluminiamu inapanda sana na magnesiamu inabaki chini. Misri na Shamu ya zamani walitumia magadi ya maziwa ya jangwani na mchanga safi, kwa hiyo vyote viwili viko chini. Ukishajua viwango hivyo, umejua jiko.

Upimaji wenyewe ni wa adabu. Wanaupiga ushanga kwa leza, inachimba kishimo kidogo ambacho jicho halikioni, ule mvuke kidogo unavutwa na gesi hadi kwenye mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake. Unapata orodha ya elementi hamsini na zaidi, na ushanga unarudi kwenye kisanduku chake mzima.

Sasa habari njema kwako: shanga za Unguja Ukuu zimeshapimwa hivyo. Marilee Wood na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2017, za kutoka kwenye uchimbaji wa kitaalamu, tabaka za karne ya 7 hadi ya 10 hivi. Asia Kusini imo kwa wingi, na kioo cha majivu cha upande wa Ghuba nacho kimo. Mreno alikuwa bado karne tano hajafika.

Habari isiyo nzuri sana: zile mlizookota juu ya shamba zinaweza kuwa hizo, na zinaweza kuwa za Venice zilizoletwa kwa maboksi karne ya 19, wakati Unguja ilipokuwa ghala la shanga za kwenda bara hadi Maziwa Makuu. Mvua inazilaza pamoja. Kemia ingezitenganisha kwa jiko, lakini ziliangushwa lini na nani, na kama zilikuwa za kaburini au za sokoni, hiyo imeshapotea. Na shanga zinarithiwa. Bibi yako alizitunga upya, na huenda na wa karne ya 11 alifanya hivyo hivyo.

#7 Bi Mkubwa wa Fuoni

Marhaba mwanangu. Kumbe! Nna kioo cha kukuzia cha mzee, n'tazitazama.

#8 Dogo wa Katoro

Hii ya kupima elementi si ndiyo ile bunduki ya sokoni kwetu? Huku kwenye madini unaweka jiwe au kipande cha dhahabu, inapiga eksirei, sekunde chache asilimia zote hizi hapa. Makumbusho wanunue hiyo bunduki wapite wanapiga kila kitu, kazi imeisha. Leza ya nini?

#9 Sonara wa Ngamiani

Nijibu hili mimi, ndiyo kazi yangu. Dogo, bunduki inasoma ngozi. Ukiletewa bangili ya shaba iliyovishwa dhahabu nene, itakuambia dhahabu safi na utalia. Sisi mafundi kabla ya mashine tunakwaruza kwenye jiwe jeusi, tunaweka tindikali, na kwa bangili nzito tunapiga tupa kidogo mahali pa kujificha tuone ndani. Fedha ya zamani ni hatari zaidi. Ikikaa ardhini, shaba iliyochanganywa nayo inaliwa kwanza juu, inabaki fedha. Bunduki inasoma 95, ukiyeyusha unakuta 80.

Swali langu kwa Mchekecha: sarafu ya kale mtaipiga tupa?

#10 Mchekecha Udongo

Sonara umemaliza, ungefundisha chuo. Jibu: hapana, tupa haigusi. Kuna wanaopiga leza hiyo hiyo mpaka inavuka ile ngozi, na kuna wanaosafisha kidoa kidogo ukingoni chini ya darubini kwa ruhusa ya mhifadhi. Bunduki ina kazi yake, inasaidia sana kupanga makundi ya haraka, kwa mfano vigae vya kauri ya Kichina, kwa kuwa kauri haina kutu. Kwenye sarafu za shaba za Kilwa lazima uwe mwangalifu, risasi na bati zinaweza kujirundika kwenye kutu na kukupotosha.

Fikirieni zile sarafu ndogo za fedha za Mtambwe Mkuu, Pemba, zilizopatikana mwaka 1984, zaidi ya 2,000 mahali pamoja. Au ile ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, iliyokutwa Zimbabwe Kuu, ule mji wa kale wa mawe huko bara. Hii ya pili haihitaji mashine kukwambia jambo kubwa. Mahali ilipokutwa ndipo penye habari: dhahabu ya bara ilikuwa inashuka pwani, na alama ya mtu wa pwani imebaki huko juu. Linganisha na zile tano za Kilwa zilizookotwa na mwanajeshi Maurie Isenberg mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na nne za Kiholanzi. Aliziokota mchangani, akaziweka kwenye kopo. Hadi leo watu wanabishana zilifikaje. Unaweza kuzipima kila elementi, swali lile halijibiki, kwa sababu hakuna tabaka, hakuna mkaa wa jirani, hakuna kitu kingine cha wakati mmoja nazo.

#11 Mwana wa Kemondo

Naona mmekaa pwani tu. Sisi Buhaya babu zetu walikuwa wanayeyusha chuma miaka 2,000 iliyopita, na teknolojia yao ilizidi ya Ulaya ya wakati huo. Maprofesa wa Kimarekani walikuja wakathibitisha kwa vipimo. Mbona hutaji?

#12 Mchekecha Udongo

Nilikuwa nakuja huko mkuu, na nilijua atatokea mtu wa Kagera.

Ni Peter Schmidt na Donald Avery, makala yao ilitoka kwenye jarida la Science mwaka 1978. Walifanya vitu viwili. Walichimba matanuri ya zamani upande wa Kemondo na Katuruka, na wakaomba wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka wajenge tanuri na kuyeyusha mbele yao. Wazee walianza kwa kuchoma matete ya bwawani ndani ya shimo, yakabaki masizi na mkaa, ndipo wakajenga juu yake. Wachimbaji wakienda kwenye mavi ya chuma ya kale, yaani takataka inayobaki chuma kikiyeyushwa, wanakuta alama za matete zimechapwa humo humo. Hiyo ndiyo raha ya kazi hii, mkono wa mzee na jiwe la kale vinasema jambo moja.

Mavi ya chuma watu wanayapiga teke wakidhani ni mawe. Ukilikata pande kwa msumeno wa almasi, ukalisugua mpaka ling'ae, ukaliweka chini ya darubini, unaona fuwele za kijivu. Zikiwa ndefu na nene lilipoa polepole, zikiwa nyembamba kama nyuzi lilipoa haraka. Unaona matone ya chuma yaliyoshindwa kutoka. Na mara nyingine kipande cha mkaa kimenaswa ndani, na huo ni mkaa bora kuliko wote, kwa sababu haukuletwa na panya wala mvua. Uliungua siku ile.

Kuhusu kuzidi Ulaya, twende taratibu. Schmidt na Avery walisema mirija ya udongo ya mivukuto ilikuwa inaingia ndani sana ya tanuri, hewa ikapata moto kabla ya kufika kwenye mkaa, na hilo likapandisha joto. Wataalamu wengine wa metali, David Killick mmojawapo, walilipinga hilo kwa hoja nzito, na ubishi umekwenda kwenye majarida kwa miaka. Uzee wa ufundi wenyewe, kwamba watu wa magharibi ya Ziwa Viktoria walikuwa wahunzi kama miaka 2,000 hivi iliyopita, huo umesimama. Mimi kwangu huo unatosha sana. Kushindana na Ulaya ndiko kunakotuletea presha.

#13 Mwana wa Kemondo

Presha wanaileta wao. Ila hiyo ya matete ni kweli kabisa, hata babu alikuwa akisema.

#14 Mama Nitilie Mbezi

Jamani mnaongelea dhahabu na chuma tu, watu walikuwa wanakula nini? Pilau lilianza lini pwani? Hilo nalo linapimwa?

#15 Mchekecha Udongo

Linapimwa mama, na kwa vifaa unavyoviona jikoni kwako. Unachukua ndoo ya udongo kutoka kwenye jalala la kale, unaumwaga polepole kwenye pipa la maji huku ukikoroga kwa mkono. Udongo na mawe vinazama. Mbegu zilizoungua ni nyepesi, zinaelea. Unaziengua kwa kitambaa laini, unakifunga, unakianika kivulini siku kadhaa. Juani hapana, zinapasuka. Ukikifungua unakuta unga mweusi, na chini ya darubini ule unga ni punje: mtama, uwele, kunde, choroko, mpunga.

Sarah Walshaw alifanya hivyo Pemba. Tumbe, kijiji cha karne ya 7 hadi ya 10, watu walikuwa wa uwele. Chwaka, mji uliokuja baadaye wenye misikiti ya mawe, mchele umepanda hadi kuwa chakula kikuu. Yaani wali uliingia mezani pamoja na miji na Uislamu kukua, na ulikuwa chakula cha kujionyesha kwa mgeni. Viungo vya pilau ni vigumu kuviona, maana binzari iliyoliwa haikuungua.

Njia hiyo hiyo imetoa jambo kubwa zaidi. Mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake walitoa matokeo ya mbegu kutoka pwani yetu, visiwa vya Komoro, na Madagaska. Huku bara na visiwa vya karibu, mimea ya Kiafrika ndiyo inayotawala. Komoro na Madagaska, mpunga wa Asia, choroko na pamba. Wamalagasi wanaongea lugha yenye asili ya Borneo, hilo lilijulikana siku nyingi, lakini ushahidi wa kushikika ardhini ulikosekana. Umekuja kupatikana kwenye punje za wali uliounguzwa na mpishi.

#16 Mama Nitilie Mbezi

Kwa hiyo ukoko wangu una faida. Ahsante.

#17 Mjukuu wa Pate

Mimi nina dukuduku na hawa wa DNA. Mwaka 2023 walisambaza habari dunia nzima kwamba Waswahili ni Waajemi. Wengine wakafurahi, wengine wakatutukana. Na makaburi ya Waislamu yanachimbuliwa kwa ruhusa ya nani?

#18 Mchekecha Udongo

Una haki ya dukuduku. Ngoja niweke kilichoandikwa kwanza, maana vichwa vya habari viliharibu.

Makala ilitoka kwenye Nature mwishoni mwa Machi 2023. Walipima watu 80 wa kale, kutoka miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara na Kilwa, ya kati ya 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara. DNA mara nyingi inatolewa kwenye mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, kwa sababu joto letu na unyevu vinaiharibu kwingine kote. Walichokuta: wengi wa watu wale wa mijini, nusu au zaidi ya asili yao ni ya Kiafrika, na upande huo umekuja hasa kupitia kwa mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, zaidi Uajemi, na imekuja hasa kupitia kwa baba. Mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Baada ya 1500 asili ya Uarabuni inaongezeka.

Kwa hiyo mtu anayesema "ni Waajemi" ameruka bibi zake wote. Na lugha, vyungu, nyumba za udongo na mji wenyewe vilikuwepo kabla ya 1000. Uchimbaji ulishaonyesha hilo miaka mingi kabla ya DNA.

Pili, angalia nani aliyepimwa. Waliozikwa kwenye makaburi yaliyojengewa, karibu na misikiti, ni watu wenye uwezo. Mvuvi na mkulima wa pembeni hawamo sana. Namba inasema kweli kuhusu waliopimwa, na hapo ndipo mwisho wake.

Makaburi: vibali vya serikali vipo, lakini kibali cha ofisi hakitoshi. Msimamo wangu ni kwamba wazee wa mahali wakisema hapana, ni hapana, hata kama mashine inasubiri. Nimeona mashimo ambayo tulipokuta sanda na mwelekeo wa kibla tuliacha, tukafukia, tukahamia upande mwingine, na hakuna aliyekufa kwa kukosa data.

#19 Mkilifi Halisi

Salamu kutoka Kilifi. Mbona hamjamtaja Mtoto wa Panga ya Saidi? Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote mlizotaja, na iko kwetu.

#20 Mchekecha Udongo

Ahsante mkuu, sikutaka iwe ya kupitia juu juu.

Kwa wasiojua: Panga ya Saidi ni pango huko Kilifi, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa Ujerumani walichimba pale kwa miaka. Mwaka 2013 walianza kuona dalili za shimo lenye mifupa, na mwaka 2017 wakalifikia, kama mita tatu chini ya sakafu ya leo ya pango. Mifupa ilikuwa imelegea kiasi kwamba ukiigusa inageuka unga. Hawakuitoa. Walipaka plasta ya jasi bonge zima la udongo na mifupa ndani yake, wakalibeba Nairobi, na kutoka Nairobi likasafiri hadi kituo cha utafiti wa binadamu Burgos, Hispania. Huko ndiko walikochimba upya, mezani, wakisaidiwa na eksirei za pande zote zinazoonyesha ndani bila kufungua.

Wakaona meno. Wakaona uti wa mgongo na mbavu zikiwa zimeshikilia mpangilio wake. Mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mabega yalivyobanwa inaonyesha mwili ulifungwa kwa kitu kama sanda, na jinsi kichwa kilivyodondoka inaonyesha kulikuwa na mto wa kitu laini uliooza baadaye. Udongo uliojaza shimo ni tofauti na udongo wa kandokando, kwa hiyo shimo lilichimbwa na kufukiwa kwa makusudi.

Umri: miaka 78,000. Kaboni imeshapitwa mbali, kwa hiyo walipima mchanga. Chembe ya mchanga ikiwa gizani hukusanya nishati kutoka mionzi ya udongo unaoizunguka, ikipigwa na jua inaimwaga yote. Unapigilia bomba ukutani mwa shimo, unaliziba ncha zote mbili, linafunguliwa maabarani kwenye taa hafifu ya rangi nyekundu, wanaichochea kwa mwanga na kupima inachotoa. Unapata muda tangu mchanga ule ulipoona jua kwa mara ya mwisho. Ilichapishwa Mei 2021, na ndiyo maziko ya zamani zaidi ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika.

Sasa wazia mtu angeingia na sururu akatafuta "mali".

#21 Mkilifi Halisi

Umetuwakilisha. Watalii wakija waambiwe hiyo, siyo magofu ya Gede peke yake.

#22 Bi Mkubwa wa Fuoni

Mwanangu nimetazama. Za buluu na nyekundu michirizi imenyooka na tundu, na ipo moja kubwa ya kijani inazunguka. Sasa nifanye nini nazo?

#23 Mchekecha Udongo

Basi hizo ndogo ni za kuvutwa Bi Mkubwa, na ile ya kijani ni ya kuzungushwa.

Usizioshe kwa sabuni wala ndimu. Usitunge mpya pamoja na za bibi. Ziweke za kila sehemu ya shamba kwenye bahasha yake, uandike kwa kalamu ya risasi zilipookotwa: karibu na mnazi gani, kina gani, lini. Ukienda Makumbusho au idara ya mambo ya kale hapo Unguja, bahasha hiyo ndiyo watakayoifurahia. Kwa wa Bara, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba bila leseni ni kosa, hata kama shamba ni lako. Kenya wana sheria yao ya 2006.

Na yeyote anayechimba choo au msingi akakuta mkaa mwingi pamoja na vyungu, asiuguse kwa mikono ya mafuta wala kuutia kwenye pamba au karatasi. Karatasi ya alumini inatosha. Kisha apige picha ya ukuta wa shimo kabla hajaendelea, apige simu kwa afisa utamaduni wa wilaya.

#24 Dogo wa Katoro

Mkuu la mwisho kabisa, usinicheke. Zile mali za Mjerumani, wanazosema zilifukiwa ardhini. Kuna jamaa ana mashine anasema inaona rupia chini mita kumi. Anataka laki nane ya kukodisha.

#25 Mchekecha Udongo

Sicheki. Mashine za kutazama chini bila kuchimba zipo kweli: za sumaku, za umeme, na rada ya ardhini. Songo Mnara zimetumika, zikaonyesha sehemu ambazo juu unaona nyasi tupu. Zinakuonyesha kwamba hapa ardhi ni tofauti na pale. Inaweza kuwa ukuta, mahali palipowashwa moto, shimo la taka, au mzizi wa mbuyu. Hakuna inayoandika "rupia", na mita kumi kwenye udongo mfinyanzi wenye maji, rada haifiki hata robo.

Hela za Kijerumani zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, zile za dhahabu ya Sekenke zenye tembo, zipo, na watoza sarafu wanazijua. Feki zake nazo zipo kibao, Sonara atakuambia zinavyosomeka. Laki nane yako nunua mchele.